Kuku Mmoja, Milo Mitatu

Kipindi cha afya na lishe ya familia. Kwa wasikilizaji walio nchi jirani.
Muda: dakika 20.
Sauti: Mtangazaji, Mgeni (mama wa watoto watano kutoka Kivu ya Kusini, sasa anaishi Nakivale, Uganda).

(Muziki wa kufungulia. Unasikika kwa muda mfupi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Mlioko kambini, mlioko vijijini, mlioko mjini kwa ndugu na jamaa, karibuni tena katika kipindi chetu cha afya na lishe. Wiki iliyopita tulizungumza juu ya maji safi. Leo tunaingia jikoni. Wengi wenu mmetuuliza: nyama tunaipata mara moja kwa mwezi, au hata mara moja kwa miezi mitatu, tukimpata kuku mmoja, tufanye nini ili asiishe kwa siku moja, na ili watoto wafaidike naye kweli? Tumemwalika mama mmoja ambaye amepita katika swali hilo. Hasomi katika kitabu, anasema aliyoyaona nyumbani kwake. Mama, karibu sana.

MGENI: Asante sana, kaka yangu. Wasikilizaji, nawasalimu. Wamama wenzangu, wababa, na nyinyi vijana mnaopika nyumbani, nawasalimu wote.

Kwetu Kivu tunasema kuku ni chakula cha mgeni. Methali nayo inasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana mgeni akifika, kuku anachinjwa, na watoto wa nyumbani nao wanapata kidogo. Basi mimi nilikaa hapa Nakivale mwaka mzima bila mgeni. Nilikuwa na kuku jike mmoja, mzee, aliyekwisha kuacha kutaga. Nilimtunza kama mtu anavyotunza akiba. Nilijiambia, siku ya shida nitamuuza.

Siku ya shida ikaja. Mnajua wenyewe, mgao wa chakula hapa Uganda umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020. Sisi ni watu saba: mimi, baba watoto, watoto wanne wanaokula, na mdogo wa miezi tisa anayenyonya. Unga unaisha kabla ya mwezi kwisha. Mjumbe wa afya alipita na ule utepe wa kupima mkono. Akamfunga mtoto wangu wa nne, wa miaka mitatu. Utepe ukasimama kwenye rangi ya njano.

Kwa wasiojua, nieleze. Utepe ule una rangi tatu na unapima watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Kijani, mtoto yuko salama. Njano ni kati ya sentimita 11.5 na 12.5, maana yake mtoto ameanza kukonda, mama aamke. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, hapo mtoto yuko hatarini, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wangu alikuwa njano. Mjumbe akaniandikia karatasi ya kumpeleka kituoni, na huko wakampa chakula cha kumsaidia. Lakini wakaniambia pia: nyumbani jitahidi apate chakula kinachotoka kwa mnyama, hata kidogo, yai au samaki au nyama.

Usiku ule nilimwangalia kuku wangu. Nikamwambia baba watoto, "Nimuuze au nimchinje?" Akasema, "Ukimuuza utapata unga wa siku chache. Kisha?" Nikasema, "Nikimchinja ataisha kesho." Akacheka kidogo, akasema, "Basi fanya asiishe kesho."

Wasikilizaji, neno hilo ndilo lililonileta hapa.

(Muziki mfupi.)

MGENI: Kwanza niseme juu ya kuku mwenyewe. Chinja kuku mzima, mwenye afya, anayetembea na kula. Kuku aliyekufa mwenyewe, au anayesinzia, shingo imepinda, kinyesi ni kijani, usimle na usimuuze. Huenda ana mdondo, ule ugonjwa ambao wengine wanauita kideri, au ugonjwa mwingine mbaya zaidi. Mzike mbali na kisima, na umwambie mtu wa mifugo. Najua inauma kuzika nyama, lakini kuuguza nyumba nzima kunauma zaidi.

Kuku jike anayetaga, mwache atage. Mayai yake yatawalisha watoto muda mrefu kuliko nyama yake. Wangu alikuwa ameacha.

Pili, saa. Mimi sina friji, na nadhani wengi mnaonisikiliza hamna. Kwa hiyo saa ni kitu kikubwa kuliko viungo vyote. Sikuchinja asubuhi na mapema. Nilichinja saa tano, wakati moto tayari upo na maji ya kunyonyolea yanachemka. Nyama mbichi isikae kwenye joto zaidi ya saa mbili. Ukiwa na moto na maji tayari, hutachelewa.

Nikamnyonyoa, nikambabua kwenye moto kuondoa vinyoya vidogo, nikampasua. Hapa angalieni nyongo, ile ya kijani iliyoshikana na ini. Ikipasuka, ini lote linakuwa chungu, umepoteza dawa. Nikaikata taratibu na kipande kidogo cha ini, nikaitupa. Firigisi nikaipasua, nikatoa mchanga, nikamenya ile ngozi ya njano. Miguu nikaitia kwenye maji ya moto, nikaivua ngozi na kucha. Kichwa nikakisafisha. Manyoya na utumbo nikafukia, mbwa na inzi wasisambaze uchafu. Kisha nikaosha kisu, ubao na mikono yangu kwa sabuni. Usikate lengalenga kwa kisu kilichotoka kwenye nyama mbichi kabla ya kukiosha.

Kuku wangu akiwa hai alikuwa kama kilo moja na nusu. Baada ya kazi hiyo ilibaki kama kilo moja, pamoja na mifupa. Watu saba. Tukimla mara moja, kila mtu anapata kipande kimoja au viwili, na jioni tunarudi kwenye ugali mtupu. Nikamgawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza: ini, moyo, firigisi, shingo na mabawa.
Fungu la pili: miguu ya juu, mgongo uliokatwa vipande, na supu.
Fungu la tatu: kidari na mapaja, nyama ile isiyo na mifupa mingi, pamoja na mifupa yote itakayobaki.

Mlo wa kwanza ni wa mchana ule ule. Nilikata shingo na mabawa vipande vidogo, firigisi na moyo nikavikata vyembamba. Nikatia mafuta kijiko kimoja, kitunguu, nyanya mbili, chumvi, na maji kidogo, nikaacha viive. Ini nikalitia mwishoni, kwa sababu linaiva haraka. Likikaa sana linakuwa gumu kama raba. Lakini liive kabisa, ukilikata lisiwe na damu ndani. Nikachanganya na lengalenga nyingi. Tukala na ugali, ule ambao hapa Uganda unaitwa posho.

Sasa ngoja niwaambie kilichotokea kwenye sahani.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutusalimu. Ni mama ninayemheshimu sana, ndiye aliyenipokea nilipoolewa. Akaangalia sufuria, akasema, "Mkamwana, firigisi na ini ni vya baba. Kwetu ndivyo tulivyokuta." Nikanyamaza. Kwetu huwezi kumjibu mama mkwe hivi hivi. Wasikilizaji, mnajua desturi hii iko kwa makabila mengi. Na wenyeji wetu hapa Uganda wamenieleza kwamba zamani kwa Waganda mwanamke hakula kuku kabisa, alimpika tu.

Baba watoto ndiye aliyejibu. Akasema kwa upole, "Mama, mimi mkono wangu hauna utepe wa njano." Akachukua ini, akaligawa mara tatu: kipande kwa yule wa miaka mitatu, kipande kwa mdogo wa miezi tisa, kipande kwangu ninayenyonyesha. Firigisi akaikata, akampa mama yake nusu. Akasema, "Hiki nacho ni cha mzee wa nyumba." Mama mkwe akatazama, akacheka, akaila. Siku ile hakusema tena. Na sasa akija, yeye mwenyewe ndiye anayeuliza, "Ini la mtoto limewekwa?"

Kwa nini ini? Mjumbe wa afya alinieleza hivi: ini lina madini ya chuma yanayotengeneza damu, na lina vitamini A inayosaidia macho na kinga ya mwili. Mtoto akifikisha miezi sita, maziwa ya mama pekee hayamtoshi tena, hasa kwa madini ya chuma. Aendelee kunyonya, lakini aongezewe chakula. Yule wangu wa miezi tisa nilimpondea ini kwa uma mpaka likawa laini, nikachanganya na ugali laini na mchuzi kidogo. Alikula vijiko viwili, akataka tena.

MTANGAZAJI: Mama, naomba nikukatize kidogo. Wengi husema mtoto mdogo apewe supu tu, nyama ni nzito kwake.

MGENI: Asante kwa kuuliza, kaka. Hata mimi nililelewa hivyo. Supu ina ladha, inamtia mtoto hamu ya kula. Lakini nguvu kubwa imebaki kwenye nyama, haikuhamia kwenye maji. Mtoto akinywa supu tu, tumbo linajaa maji na mwili unabaki na njaa. Mpe nyama yenyewe, ila uichambue nyuzi nyuzi, uiponde, uhakikishe haina mfupa hata mdogo. Mifupa ya kuku inachoma, inaweza kumkaba.

(Muziki mfupi.)

MGENI: Mlo wa pili. Mara tu sufuria ya mchana ilipotoka motoni, ilikuwa kama saa saba, nikabandika ile nyingine. Nikatia miguu ya juu, mgongo, kidari, mapaja, kichwa na nyayo, vyote pamoja, maji ya kufunika, chumvi, kitunguu, tangawizi kidogo. Kuku mzee wa kienyeji hana haraka. Alikaa kwenye sigiri, ile ambayo kwetu tunaiita mbabula, kwa karibu saa tatu. Nilifunika sufuria vizuri na kupunguza makaa. Mfuniko unaokoa makaa, na makaa ni pesa.

Saa kumi alikuwa ameiva. Nikatoa kidari na mapaja, nikaviweka pembeni kwenye sahani safi. Kwenye sufuria nikaacha supu, miguu na mgongo. Nikatia ndizi za kupika, viazi viwili, karoti moja na nyanya. Saa kumi na mbili tukala. Kila mtu alipata kipande chenye mfupa na bakuli la ndizi zilizokunywa supu. Kuku kidogo, ndizi nyingi, lakini ladha ya kuku iko kila mahali. Hakuna aliyelalamika. Mtoto wangu wa pili aliuliza, "Mama, leo ni Noeli?"

Kidari na mapaja je? Wakati ndizi zinaiva, nilichambua ile nyama nyuzi nyuzi kwa mikono niliyoosha kwa sabuni. Ilijaa bakuli la kati. Nikaikaanga kwenye kikaango na chumvi, bila maji, nikigeuza mpaka ikauka na kuanza kuwa kahawia. Nikaiacha ipoe kidogo, nikaitia kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Hiyo ni ya kesho.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana nina kovu.

Miaka miwili kabla, tulipata kuku wa sikukuu. Tulikula jioni, ikabaki nusu sufuria. Niliifunika ikiwa ya moto, nikaiacha pembeni ya jiko usiku kucha. Niliona ni vyema, iko katika joto. Asubuhi haikuwa na harufu mbaya. Niliipasha kidogo tu, mpaka ikawa vuguvugu, nikawapa watoto. Kufikia jioni watatu walikuwa wanatapika na kuharisha. Mmoja alilazwa siku mbili, amewekewa maji ya mshipa. Nilikaa kando yake nikihesabu matone. Nyama niliyotaka iwatie nguvu ndiyo iliyowalaza.

Muuguzi alinifundisha. Chakula kilicho moto sana, kinachotokota, vijidudu haviwezi kuzaliana. Chakula kilicho baridi sana, vilevile. Hatari iko katikati, katika uvuguvugu. Sufuria kubwa iliyofunikwa inapoa polepole usiku kucha, na vijidudu vinapata muda wote vinaoutaka. Vingine vinaacha sumu ambayo hata ukichemsha haitoki. Ndiyo sababu si kweli kwamba "nitachemsha tena, basi."

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Tulipomaliza kula jioni ile, nilikusanya mifupa yote mikubwa niliyokuwa nimeitoa nyama jikoni, ile ambayo haikuingia mdomoni mwa mtu. Nikaichemsha na supu iliyobaki mpaka ikatokota vizuri. Nikaigawa katika vyombo vidogo viwili, nikaviweka ndani ya beseni la maji baridi, nikabadilisha maji mara mbili. Ndani ya saa mbili ilikuwa imepoa kabisa. Nikafunika, nikaweka mahali penye hewa, mbali na jiko. Maharagwe nikayaloweka usiku huo huo.

Na sheria ya nyumba yangu ni hii: chakula cha kuku kinalala usiku mmoja tu, kikishapoa hivyo. Kama usiku una joto kali, au huna chombo chenye mfuniko, usilaze kitu. Asubuhi ukikuta harufu ya uchachu, povu, au utelezi, mwaga. Usionje kwanza.

Mlo wa tatu. Alfajiri nilimwaga maji ya kulowekea, nikabandika maharagwe pamoja na ile supu na mifupa, ikatokota sana tangu mwanzo. Maharagwe yalikuwa yawake moto kwa vyovyote. Supu haikunigharimu makaa zaidi. Yalipoiva nikatoa mifupa yote, nikahesabu isibaki hata mmoja. Nikakaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta ya mawese, nikatia ile nyama ya nyuzi, nikaikaanga tena mpaka ikawa ya moto sana, nikamimina kwenye maharagwe. Tukala saa sita. Hakikubaki kitu.

Na kuna siri moja hapo. Nyama kidogo ikila pamoja na maharagwe au mboga za majani, inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya maharagwe yenyewe. Nyanya, ndimu au pera navyo vinasaidia. Lakini chai ukinywa pamoja na chakula inazuia. Chai iwe baadaye, saa moja au mbili baada ya kula.

Hivyo kuku aliyechinjwa saa tano akaisha siku ya pili saa sita. Milo mitatu, watu saba, na mama mkwe kwenye mlo wa kwanza.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Mama, na yule mwenye familia ndogo? Mama peke yake na watoto wawili, hawezi kumaliza kuku kwa siku moja na nusu.

MGENI: Huyo asihangaike kulaza nyama. Amtafute jirani. Sisi hapa mtaani kwetu tulichukua mfano wa likelemba. Badala ya kuchangishana pesa, tunachangishana kuku. Leo mimi nachinja, nakupa nusu pamoja na nusu ya ini. Baada ya wiki mbili wewe unachinja, unanirudishia. Tuko nyumba nne sasa: mbili za Wakongo, moja ya Warundi, moja ya Wasomali. Yule dada Msomali anataka kuku achinjwe kwa dini yake, basi tunampa mume wake achinje kwa zamu zote, na sote tunakula kwa amani. Badala ya kula kuku mara moja na kukaa miezi, watoto wanaonja nyama kila wiki mbili. Jirani ndiye friji yangu.

MTANGAZAJI: Na yule mtoto wa utepe wa njano?

MGENI: Siwezi kusema kuku mmoja ndiye aliyemponya. Nisiwadanganye wenzangu. Alipata chakula cha kituo, tuliendelea kwenda kila siku tuliyopangiwa, na baba watoto akaanza kufuga vifaranga watatu ili tupate mayai. Lakini mwezi wa tatu mjumbe alipomfunga tena, utepe ulisimama kwenye kijani. Mama mkwe alikuwepo. Alimshika mkono ule, akaugeuza geuza, kama mtu anayekagua nguo mpya.

MTANGAZAJI: Asante sana, mama. Wasikilizaji, tukumbuke pamoja.

Chinja kuku mwenye afya, na uwe na moto tayari. Nyama mbichi isikae zaidi ya saa mbili kwenye joto.

Mgawe kabla ya kupika: viungo vya ndani kwa mlo wa kwanza, vipande na supu kwa mlo wa pili, nyama ya nyuzi na mifupa kwa mlo wa tatu pamoja na maharagwe.

Ini limwendee mtoto mdogo na mama mjamzito au anayenyonyesha. Mtoto apewe nyama iliyopondwa, si supu tu.

Usiache sufuria vuguvugu usiku. Poza haraka katika vyombo vidogo, pasha mpaka itokote, maliza kesho yake mchana. Ukiwa na shaka, mwaga. Ukiwa na nyama nyingi, mgawie jirani.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, aendelee kunyonya, na umpeleke kituo cha afya mapema. Utepe ukiwa wa njano au mwekundu, usingoje.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:
1. Nyumbani kwenu, nani hupewa ini na firigisi? Nani anavihitaji zaidi?
2. Chakula kinachobaki jioni mnakifanyaje? Mtabadilisha nini?
3. Ni nyumba zipi jirani mnaweza kuanza nazo zamu ya kuku, au ya samaki?

Zungumzeni wababa na wamama pamoja, na wazee wawepo. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kutunza vifaranga wasife na mdondo. Kwa leo, mama, tuage.

MGENI: Kwaherini wapendwa. Mkipata kuku, wakumbukeni wadogo kwanza.

MTANGAZAJI: Kwaherini, na mbaki salama.

(Muziki wa kufungia.)